Mtu anayegonga chini ya gari

Aliyegundua ni mtoto wetu wa pili, wa miaka saba. Tulikuwa tunatoka Tunduma kwenda Mbeya, tumeshapita Vwawa, akasema, "Mama, huku chini kuna mtu anagonga." Baba yake akaongeza sauti ya redio. Mimi nikamwambia atulie. Kuanzia Mlowo hadi Mbalizi mtoto aligongewa chini ya miguu yake, sisi wa mbele hatusikii kitu.

Ni gari kubwa la Ulaya, viti vya ngozi, tulilinunua mkononi kwa mtu. Wakazi wa Tunduma mnajua tamaa hii inavyoingia. Kila siku magari ya IT yanatupita mbele ya macho yakielekea Zambia na Congo, mpaka siku moja unasema na sisi tupate. Tatizo ni kwamba gari la tajiri likizeeka bei yake inashuka, ila bei ya spea zake haishuki. Hapo ndipo ada za watoto zinapoanza kuliwa.

Gereji ya kwanza fundi hakulitoa hata barabarani. Alilitikisa nyuma mara mbili, akaandika: shokapu mbili za nyuma, kompresa ya upepo, na difu. Jumla yake ilikaribia ada ya mwaka ya watoto wawili, na mume wangu alikuwa ameshaanza kupiga simu za kukopa. Kilichotuokoa ni fundi wa pili, mzee mmoja ambaye alimwita mtoto badala ya baba. "Mjukuu wangu, huyo mtu anagonga wakati gani? Mkipita kwenye tuta, au baba akikanyaga mafuta?"

"Baba akikanyaga mafuta, babu."

Jibu hilo peke yake lilifuta sehemu kubwa ya ile orodha, na mzazi yeyote anaweza kulitafuta bila kushika spana.

Njia yetu ina matuta na rasta za kutosha kwa kazi hii. Pita kwenye tuta taratibu, mguu ukiwa umeutoa kwenye mafuta. Kama nyuma panagonga hapo, shuku bushi za mikono ya magurudumu, fimbo za stabilaiza, au mipira ya juu ya shokapu. Anzeni na fimbo za stabilaiza, maana ni kifaa kidogo na aghalabu ndicho chenye kelele. Shokapu iliyokufa hujionyesha yenyewe: imelowa mafuta na vumbi limegandia juu yake, na gari likishavuka tuta linaendelea kunesa mara tatu nne badala ya kutulia. Mtoto wa kiti cha nyuma anayetapika kila safari huenda hana shida ya tumbo. Sisi tulimpa tangawizi mwaka mzima.

Upande wa pili ni kelele inayofuata mafuta. Ukikanyaga inakuja, ukiachia inapungua. Au gari limesimama, unatoa P kuweka D au R, unasikia "du" moja nzito. Au ukiwa kwenye mwendo, mtetemo unausikia kwenye kiti kuliko kwenye usukani. Hapo tazama njia inayopeleka nguvu nyuma: propela, viungo vyake, mipira inayoshikilia difu, na difu yenyewe mwishoni kabisa.

Propela ni ile shafti ndefu inayotoka mbele kwenda difu ya nyuma. Kwenye magari mengi ya namna hii ina vipande viwili, na katikati inashikwa na beringi iliyozungushiwa mpira. Mpira ukichanika, shafti inaanza kucheza, na unapokanyaga mafuta inapiga sakafu kwa chini. Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne za kizazi cha kwanza, zilizotoka 2002 zikiwa ndugu wa umbo moja, zinajulikana sana kwa ugonjwa huu. Letu ni la kampuni nyingine, lakini mzee alipolala chini na tochi, akasukuma propela kwa mkono, ilipanda na kushuka kama bembea. Shokapu zilikuwa kavu. Difu haikuwa na kosa.

Dukani walituambia inauzwa propela nzima. Uliza tena kwingine: beringi ya katikati mara nyingi hupatikana peke yake, yetu ilitoka Dar kwa basi, imefungwa kwenye boksi. Kabla ya kufungua, mwambie fundi aweke alama za rangi pale vipande vinapokutana, ili propela irudi ilivyokuwa. Ikigeuzwa, gari linaweza kutoka gereji na mtetemo mpya ambao hukuja nao.

Mlio wa "ta-ta-ta" ukikata kona ni wa kiungo cha ekseli. Angalia kama buti la mpira limepasuka na grisi imerukia ndani ya gurudumu. Uvumo unaopanda na mwendo na kubadilika gari likiegemea upande mmoja, mara nyingi ni beringi ya gurudumu.

Wenye springi za upepo wana lao. Ukiamka asubuhi ukakuta gari limelala kona moja, kuna uvujaji. Paka maji ya sabuni kwenye puto na bomba zake, utafute mapovu. Kompresa iliyokufa mara nyingi imeuawa na uvujaji huo, kwa kujaza upepo mchana na usiku. Ukinunua kompresa mpya ukaacha tundu, utanunua nyingine. Na gari hilo linaweza kushuka lenyewe bila kuguswa, kwa hiyo mtoto asichungulie kwenye tairi wala mtu yeyote asiingie chini kwa jeki peke yake. Ziwekwe stendi.

Sasa jambo ambalo lilinifanya nikose usingizi. Watu wengi tunaamini gari likiwa P limeshikwa. Gia ya P inashika shafti ndani ya giaboksi, haishiki magurudumu. Propela ikikatika, gari linaweza kuteremka likiwa P, na linaweza pia kukataa kwenda mbele ukiwa katikati ya mlima. Nilifikiria Senjele, lori la mizigo nyuma yetu, watoto wamelala. Propela ikianza kugonga, safari ya barabara kuu iahirishwe. Ikikukamata njiani, hendibreki ivutwe juu na jiwe liwekwe nyuma ya tairi kabla mtu hajashuka.

Mzee alituuliza pia kuhusu matairi. Tulikuwa na mawili mapya nyuma na mawili yaliyokwisha mbele, ya aina tofauti. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne muda wote, tofauti hiyo inazifanya gia za kugawa nguvu zifanye kazi bila kupumzika. Na magunia ya mchele kutoka Kamsamba, alisema akicheka, yatafutiwe Canter.

Tuliomba kifaa cha zamani, nawashauri mkiombe kila mara, pamoja na picha ya simu kabla hakijafunguliwa. Mpira wake ulikuwa umechanika karibu mzunguko mzima. Gharama yote, beringi na kazi, haikufika hata ada ya muhula mmoja wa mtoto mmoja.

Jumamosi tukaenda tena Mbeya. Redio ilikuwa imezimwa, baba mwenyewe ndiye aliyeizima. Tulipofika Mlowo mtoto akainama, akaweka sikio sakafuni, akakaa hivyo kwa muda.

"Mama, yule mtu ameshukia wapi?"