Nani ahesabu udongo unaotoka Kedowa?

MVUA ya masika inapoteremkia mashamba ya Kedowa, Kaunti ya Kericho, vijito hubadilika rangi kwa saa chache tu. Maji hayo huingia mto Kipchorian, kisha Nyando, na kupita nyanda za Kano, ambako wakazi walihamishwa tena na mafuriko mwaka wa 2024, kabla ya kumwagika Ziwa Victoria.

Udongo huo watoka wapi hasa? Siku hizi jibu hutafutwa kwa kompyuta. SWAT, programu ya Kimarekani inayotumiwa sana, hukadiria mmomonyoko kwa hesabu iliyochipuka kutoka kanuni ya Wischmeier na Smith ya mwaka wa 1965. Kipimo cha msingi cha kanuni hiyo ni kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 22 na mwinamo wa asilimia 9. Mkulima wa viazi wa Kedowa angetamani shamba tulivu namna hiyo! Tena kanuni yenyewe haihesabu makorongo, wala udongo unaochimbwa na maji kwenye barabara za murram na vijia vya ng'ombe.

Kericho si ngeni kwa vipimo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti walilinganisha mabonde mawili, Sambret na Lagan, moja likifyekwa msitu na kupandwa chai. Chai ilipokwisha kufunika ardhi, matumizi yake ya maji hayakupishana sana na ya msitu. Lakini hayo yalikuwa mashamba makubwa, yenye mitaro iliyopangwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 kuhusu Mau Kusini-Magharibi uligusa wakulima wadogo. Bonde lao lilipoteza tope takriban mara sita ya lile la msitu, na mara tatu ya lile la chai.

Takwimu hizo ni rahisi kugeuzwa hati ya mashtaka dhidi ya mkulima. Huyo huambiwa apande miti, na wakati huohuo kalvati ya barabara humwagia shambani maji ya kijiji kizima. Kaunti isiyopima Kipchorian yenyewe haitajua ianzie kwenye matuta au kwenye barabara. Na vipimo hivyo lazima vichukuliwe usiku wa dhoruba, kwani tope nyingi husafiri katika gharika chache. Maji yanayochotwa asubuhi moja ya mwezi, mto ukiwa umetulia, hayatalionyesha.