Tuwatume Wajumbe Kesho, na Wakirudi Tuwasikilize

Ndugu zangu wa Mkolani, Nyegezi, Butimba na Buhongwa,

Wengi wetu tulikisoma Kusadikika shuleni, tukajibia mtihani, tukakifunga. Nawaomba tukifungue tena. Katika kitabu hicho cha mwaka 1951, Shaaban Robert alibuni nchi iliyo angani, yenye mfalme, mawaziri na mahakama. Wajumbe sita walitumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakaitafutie nchi maarifa. Walitaabika njiani, wakajifunza mengi, wakarudi na mashauri mema. Malipo yao yakawa jela. Nchi iliwatuma yenyewe, ikawafunga yenyewe, na matatizo yake yakabaki palepale mpaka mshtakiwa mmoja, Karama, aliposimama kizimbani kuwatetea.

Hadithi za namna hii, zinazoichukua jamii na kuipeleka angani au miaka mingi mbele ili ijione ilivyo, si ngeni katika Kiswahili. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka bandari ya Mwanza, alitoa Mzingile mwaka 1991, na humo msimulizi anazunguka katika dunia iliyokumbwa na maangamizi. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya, aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, alitoa Walenisi. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha angani, na badala ya mauti anafika kwenye sayari ya watu walioamua kuishi kwa haki. Huko Chekoslovakia nako, mwaka 1936, Karel Čapek aliandika juu ya viumbe wa majini wenye akili, aina ya salamanda, ambao wafanyabiashara wanawatumia kuzamia lulu. Faida inanoga, mataifa yanawanunua kwa mamilioni, yanawapa zana na silaha. Wakishazidi wanahitaji fukwe zaidi, wanaanza kuibomoa nchi kavu, na hata hapo binadamu wanaendelea kuwauzia baruti kwa kuwa biashara ni biashara.

Msomaji wa Mwanza akiisoma hiyo ya Čapek hawezi kuiona ya mbali. Nasi tunaye kiumbe tuliyeletewa kwa ajili ya faida. Anaitwa sangara, na habari zake zimeandikwa katika ripoti za kitaalamu.

Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, alitumwa kulichunguza Ziwa Victoria. Ripoti yake ya mwaka 1929 ilishauri nyavu za macho yasiyopungua inchi 5, na ikaonya kwamba kuleta samaki mla wenzake kutoka maji mengine ni jambo la hatari. Ushauri wa nyavu ulifuatwa kwa miaka kadhaa, kisha kuanzia miaka ya 1950 ukalegezwa. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, akaandika makala mahususi kueleza kwa nini sangara asiletwe. Alikuwa amechelewa: sangara walikwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1954. Mwaka 1962 na 1963 wakapandikizwa kwa idhini rasmi. Wajumbe walitumwa, wakarudi, wakasema. Hawakufungwa jela, ila maneno yao yalifungiwa kabatini.

Kilichofuata wazee wa Nyegezi na Igombe wanakikumbuka. Katikati ya miaka ya 1980 sangara walitapakaa Ghuba ya Mwanza. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila nyumba, wakaanza kutoweka. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu ambazo hazipatikani popote pengine duniani, na wanasayansi wanakadiria kwamba aina 200 hivi zimepotea. Furu alikuwa na kazi zake: wapo waliokula mwani, waliokula konokono, waliokula wadudu, waliosafisha tope. Walipoondoka, kazi zao zilibaki bila mwenyewe. Hata milima ilionja. Furu alikaushwa kwa jua, lakini sangara ana mafuta mengi, hakaushiki juani. Anataka moshi, na moshi unataka kuni.

Tuseme kweli pia. Sangara alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni, na watoto wengi wa Mwanza wamesomeshwa kwa samaki huyo. Simlaumu mvuvi aliyemvua wala mama anayekaanga mapanki, mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa, apate ada. Kinachoniuma ni mazoea ya kuhesabu mapato ya msimu huu na kuacha kuhesabu gharama ya miaka thelathini ijayo. Mazoea hayo hayakuondoka na wakoloni. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa sumu. Tulikuwa tunatia sumu katika maji tunayoyanywa ili tuuze kilo chache zaidi. Mtunzi wa kejeli angeandika hivyo, tungemwambia ametia chumvi.

Leo je? Shuka nami mpaka mwaloni asubuhi, utazame beseni moja tu. Sheria inasema sangara aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe, kwa sababu bado hajazaa. Ndani ya beseni wamelala wa urefu wa kiganja na nusu, magamba bado yanang'aa, macho meupe, na bei yao ni ya kumalizia tu. Kila mmoja wao angefika kilo kadhaa na kuacha mayai yasiyohesabika. Aliyewavua kwa zana haramu za timba au kokoro anajua, anayenunua anajua, na mimi na wewe tunaowapita tunajua.

Kisha subiri mvua ya masika ipige Mkolani kwa saa moja. Maji yanashuka kutoka kwenye miamba, yanapita mahali palipokuwa na miti, yanabeba udongo mwekundu na mchanga wa kwenye machimbo ya kokoto. Kwenye mtaro utaona chupa za maji, mifuko, pempasi, na harufu inayokuambia kwamba huko juu kuna mtu ametapisha choo akitumia mvua kama kificho. Vyote hivyo vinaelekea kule kule, ziwani. Mbolea ile ya kinyesi ndiyo chakula cha mwani na gugu maji. Mwani ukifa unaoza, ukioza unamaliza hewa ya oksijeni majini, na samaki wanakosa pumzi. Na Butimba, jirani kabisa na sisi, ndipo kilipo chanzo kipya cha maji kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku kwa ajili ya mitaa yetu. Yale tunayoyamwaga juu ya mlima tunayalipia tena kwenye bili ya maji, maana maji yakizidi kuchafuka, kuyasafisha kunazidi kuwa ghali.

Magugu ya majini nayo yamekwisha kutupa onyo mara mbili. Gugu maji lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 lilifunga mialo na bandari, mpaka wakaletwa fukusi wanaolila na likapungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwanzoni mwa 2025 magugu yalitanda tena Kigongo na Busisi, yakavitatiza vivuko. Daraja la hapo sasa limekamilika, magari yanapita juu. Magugu bado yana chakula chini.

Basi wito wangu ni huu: tuwatume wajumbe wetu kesho. Nawazungumzia vijana wetu, na chombo chao cha safari ni kalamu.

Walimu wa Mkolani, wa msingi na wa sekondari, wapeni wanafunzi insha moja: Mkolani mwaka 2075. Sharti liwe moja. Kila hadithi ianze na jambo moja la kweli la leo, mwandishi alichukue vilevile bila kulirekebisha, alisukume miaka hamsini mbele na kuandika anachokiona. Anayeanza na beseni la sangara wadogo huenda akafika kwenye jumba la makumbusho la Nyegezi ambako watoto wanalipa kiingilio wamtazame dagaa mmoja ndani ya chupa. Anayeanza na choo kilichotapishwa huenda akafika kwenye mtaa ulio kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, wenye foleni ya ndoo ikisubiri maji kutoka mkoa mwingine. Anayeanza na mlima uliochongwa huenda akaandika kesi ambayo wajukuu wanawashtaki babu zao kwa kuuza kivuli chao. Waacheni wacheke wanapoandika. Kicheko kinamfikisha mtoto mahali ambapo hotuba zetu hazifiki, na kinamwezesha kumwambia mkubwa ukweli bila kumvunjia heshima.

Nanyi vijana mnaosoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) na chuo cha uvuvi Nyegezi, wasaidieni wadogo zenu hawa. Mnayo maktaba, mnao wahadhiri, mnajua tarakimu za ziwa. Hadithi ya kubuni inauma zaidi inapokanyaga juu ya jambo la kweli. Waambieni kwamba ziwa hili lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 lina wastani wa kina cha mita 40 tu. Waambieni kwamba sehemu kubwa ya maji yake hutoka moja kwa moja kwenye mvua, na kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka kabisa. Kijana akijua hayo, hatahitaji kuazima jangwa la sayari nyingine kwa ajili ya hadithi yake.

Halafu ije sehemu yetu wakubwa, nayo ndiyo ngumu. Mjumbe akirudi, asikilizwe. Wenyeviti wa mitaa, tengeni nusu saa katika mkutano wa hadhara, watoto watatu wasome hadithi zao mbele ya wazazi. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU), karibisheni hadithi moja mwaloni siku ya kikao, kabla ya agenda ya mapato. Mapadre, wachungaji na masheikh, mnao umati kila wiki. Kijana mmoja apewe dakika tano. Na kila kusomwa kwa hadithi kumalizike kwa swali lile lile: katika haya tuliyoyasikia, lipi tunaweza kulizuia mwezi huu? Jibu liandikwe katika muhtasari, na mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza limefikia wapi.

Msiseme haiwezekani. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa mvuvi wa Kigoma ilikuwa shida ya kweli ya ugali na ada, na bado ziwa lilipumzishwa. Hapa kwetu watafiti wameona kwamba baadhi ya aina za furu zimeanza kuonekana tena tangu sangara walipopungua. Ziwa linajibu likipewa nafasi.

Kwa mvuvi nasema: kaka, acha timba na kokoro, na beseni la wadogo usilishushe mwaloni. Kwa mnunuzi: dada, ukiona samaki hajafika kipimo, pita, maana bila mteja hakuna soko. Kwa mwenye nyumba mlimani: choo kikijaa, tafuta gari la majitaka, na kama gari halifiki, jiungeni nyumba kumi mkadai mtandao wa mabomba madogo ya majitaka kama uliokwisha kuwekwa katika baadhi ya mitaa ya milimani jijini. Kwa mwenye kiwanja: panda miti miwili kabla ya kuweka geti, na ule uliopo usiukate. Kwa mzazi: mtoto akikuletea daftari jioni, zima televisheni umsikilize mpaka mwisho, hata kama hadithi yake inakuumbua.

Jamii zinazoangamia huwa zilikwisha kuambiwa. Nasi tumeambiwa mwaka 1929, tukaambiwa mwaka 1960, tunaambiwa na kila mvua inayoshuka kutoka mlimani. Mwalimu, andika mada hiyo ubaoni wiki hii. Mwenyekiti, weka nusu saa hiyo katika ratiba ya mkutano ujao. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, njoo mkutanoni, kaa mbele, sikiliza, kisha chagua jambo moja la kuacha kulifanya.