Nilikwenda Berlin kutalii, nikakutana na Lindi

Nimekuwa kimya kwa sababu ya mitihani na baridi, zaidi baridi. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu wikiendi ile tuliyokwenda Berlin, na nimeona bora niliseme.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida ya wanafunzi wasio na hela. Tulikuwa wanne: mimi, jamaa yangu wa Masasi anayesoma uhandisi, dada mmoja wa Indonesia ninayesoma naye, na mshkaji wa Colombia ambaye kazi yake kubwa duniani ni kupiga picha. Treni ya kasi kutoka Leipzig hadi Berlin inachukua saa moja na robo hivi. Sisi wenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa, tulibadilisha Wittenberg na kutumia karibu saa tatu. Hatukulalamika. Tulikuwa na chapati alizopika jamaa wa Masasi, ngumu kidogo lakini chapati.

Jumamosi tulifanya kila kitu ambacho wageni wote hufanya Berlin. Lango la Brandenburg, picha. Mabaki ya Ukuta, picha. Döner mbili kila mtu. Usiku hosteli ya vitanda sita chumba kimoja, na mmoja wa tusiowajua akakoroma mpaka alfajiri. Sina zaidi la kueleza hapo, mmeziona picha za watu wengine na zetu ni zilezile.

Jumapili ikanyesha. Yule dada wa Indonesia akasema twende Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe pale Invalidenstraße, angalau kuna paa. Ndivyo nilivyofika. Ningependa kuwaambia nilikwenda kwa uchungu wa nchi yangu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia mvua.

Ukishaingia, ukumbi wa kwanza tu unakutana naye. Mjusi wa Tendaguru. Mita 13.27 kutoka chini hadi kichwani, yaani weka jengo la ghorofa nne. Wataalamu sasa wanamwita Giraffatitan; zamani alikuwa Brachiosaurus. Ni mifupa iliyounganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Watoto wa Kijerumani wamelala sakafuni wanamtazama kwa juu, wazazi wanasoma maandishi kwa sauti. Pembeni wapo wenzake, Kentrosaurus na Dysalotosaurus na wengine, nao wengi wao wa kwetu. Nilisimama pale nimejaa fahari, nikawaambia wenzangu kwa sauti ya mwenye mali: huyu ni wa Tanzania, ametoka Lindi.

Yule dada akauliza swali dogo tu. Lindi pakoje?

Nikanyamaza. Wadau, mimi sijawahi kufika Lindi. Nimezaliwa Dar, nimesoma Dar, nimeandika magazetini habari za Kusini kwa kupiga simu. Ni kama kilomita 450 tu kutoka Dar, na Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa tangu 2003, kwa hiyo hata kile kisingizio cha kukwama kwenye pantoni sina. Jamaa wa Masasi alicheka mpaka walinzi wakatutazama. "Kaka, umepanda treni kwa saa tatu kuja kumwona mtu wa kwetu, na kwetu hujawahi kuja."

Basi ikabidi yeye ndiye aeleze. Akaeleza jinsi Wajerumani walivyochimba kuanzia 1909 hadi 1913, na jinsi zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilivyobebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Vita vya Maji Maji viliisha 1907. Makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mazao kuchomwa, yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Yaani waliobeba mifupa ile walikuwa watu waliotoka kuzika ndugu zao. Msimamizi wao mkuu pale machimboni aliitwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeijua kazi kiasi kwamba wataalamu walimtegemea. Jina hilo nimekutana nalo baadaye, nikisoma. Shuleni nilifundishwa Zinjanthropus na Dk Leakey. Boheti sikuwahi kumsikia, hata mara moja.

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana najua wengine mmeshaanza kuandika "mjusi arudi!"

Dada wa Indonesia ndiye aliyenikata maneno. Kwao kulikuwa na mkusanyiko wa Dubois, visukuku zaidi ya 28,000 pamoja na yule maarufu wa kisiwa cha Java, vilivyochukuliwa enzi za ukoloni na kuwekwa Leiden. Mwaka 2022 serikali yao iliomba rasmi. Mwaka 2025 Uholanzi ikakubali kurudisha. Akaniuliza: "Na ninyi mliandika barua lini?" Mshkaji wa Colombia naye akaongezea la majirani zao: mwaka 2023 Ujerumani hiihii ilirudisha Brazil kisukuku cha dinosaria Ubirajara kutoka makumbusho ya Karlsruhe.

Kweli, kesi hazifanani. Brazil walikuwa na sheria yao ya mwaka 1942, na kisukuku kile kilitoka nchini kinyume chake. Sisi mwaka 1909 sheria ilikuwa ya mkoloni, na eneo la Tendaguru aliligeuza ardhi ya serikali yake ili asiulizwe na mtu. Aliandika sheria, akachimba, akasafirisha, na leo karatasi zote zinasema alifanya halali. Mimi sioni kwa nini tuishie kwenye karatasi hizo. Lakini kupiga kelele vijiweni si kudai. Bungeni mjusi ameulizwa zaidi ya mara moja, majibu yakazunguka kwenye gharama, na tukarudi kwenye utani. Na sisi waandishi tunaandika kila mara habari ileile: mjusi, mita kadhaa, Berlin, pesa za utalii. Hatuulizi la pili. Najitia humo, nisijifanye mtakatifu.

Hoja ya kwamba tutamweka wapi ina ukweli wake, tusidanganyane. Mtu aliyeona majengo ya kale yanavyoporomoka kwetu hawezi kuipuuza. Ila inatumika vibaya. Inatumika kana kwamba kuna kitu kimoja tu cha kudai, yule mrefu pale ukumbini, na bila jengo la kumtosha basi tukae kimya. Mzigo wa Tendaguru si mifupa ya maonyesho peke yake. Kuna vifurushi vilivyosafirishwa kwa mianzi, na vingine vilikaa miongo mingi bila kufunguliwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari letu liko Berlin. Mimi ningeanza hapo: orodha kamili ya kilichochukuliwa, kwa Kiswahili, ikae Dar na ikae Lindi. Kisha nafasi za vijana wetu kusomea visukuku, wachimbaji wa kesho wasiwe wapagazi tena. Kisha sehemu ya mzigo irudi, ile inayoweza kutunzwa leo. Yule mrefu tumzungumze tukiwa tumekaa mezani, na tusianze kwa kumwachia haki yake.

Na wakati ni huu. Rais Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Aliyeomba msamaha huulizwa la kufuata. Tumemuuliza nini?

Kutoka makumbusho kuna treni ya chini ya ardhi, U6. Vituo saba kuelekea kaskazini unashuka Afrikanische Straße. Tulikwenda, mvua na yote. Mtaa wa kawaida kabisa, watu wanatembeza mbwa, lakini mabango ya barabara yanakusoma: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Barabara moja iliitwa Petersallee, jina ambalo mwaka 1939 lilitolewa kwa heshima ya Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakasema sasa ni Peters mwingine, mambo yaishe. Watu wa Berlin, wakiwemo Waafrika wanaoishi pale, wakabishana kwa miaka, na Agosti 2024 kipande chake kimoja kikapewa jina la Maji Maji. Maji-Maji-Allee. Jamaa wa Masasi alisimama chini ya lile bango muda mrefu. Ndiyo picha pekee aliyoiomba wikiendi nzima.

Kwenye treni ya kurudi alilala kuanzia Wittenberg. Kabla ya hapo tulikubaliana: nikirudi nyumbani, wikiendi ya kwanza, basi la asubuhi kwenda Lindi, yeye anatafuta mtu wa kutufikisha Tendaguru na mimi nalipa nauli. Viti bado vipo viwili.