Mizani Ikigoma, Usikimbilie Buchani

Wanachuo wenzangu, naomba niseme wazi: kwa miezi mitatu boom langu liliishia buchani. Nilianza mwezi wa nne nikiwa na kilo 84. Rumu nzima, watu watatu, tuliapa kuachana na ugali, wali, chapati na chai ya sukari, tukabaki na nyama, mayai na supu. Wiki mbili za kwanza zikaondoka kilo nne. Nilitembea nimeinua kichwa! Mwanzoni mwa mwezi wa sita nikafika 76, halafu mizani ikagoma. Wiki ya kwanza 76, ya pili 76, ya tano 76.

Ushauri niliopewa hosteli ulikuwa mmoja: ongeza nyama, ondoa hata nyanya za kachumbari. Nikatii. Boom ni 10,000 kwa siku, na kilo ya nyama pale ninaponunua ilikuwa bei hiyo hiyo. Fanyeni hesabu wenyewe. Hata hela ya fotokopi nilikuwa nakopa.

Leo nasema ushauri ule ni mbovu. Kwanza, zile kilo nne za mwanzo hazikuwa mafuta zote. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Ukikata wanga akiba inaisha, maji nayo yanaishia chooni, wewe unashangilia. Pili, mwili wa kilo 76 unatumia nguvu kidogo kuliko ule wa 84, lakini sahani yangu ilikuwa ileile. Tena nilikuwa nachagua nyama nono na kunywa supu yenye mafuta yanayoelea, eti hakuna wanga humo. Kumbe gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Sasa hapo kuongeza nyama kungesaidia nini?

Wapo wanaomtaja Profesa Mohamed Janabi kutetea nyama tupu. Mimi nilichomsikia akihimiza ni kupunguza: kula kidogo, kuacha sukari, kufunga. Wengine wanawataja Wamasai. Ni kweli, mwaka 1964 Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wamasai wa huku kwetu, watu wa maziwa na nyama, na dalili za ugonjwa wa moyo walizozikuta zilikuwa chache sana. Lakini Mmasai yule alikuwa anatembea na ng'ombe kutwa nzima. Sisi kutoka hosteli hadi darasani tunapanda bajaji.

Mwezi wa saba nikaenda field, shule moja ya sekondari huko kwetu Litumbandyosi, Mbinga. Mama alinipokea kwa, "Mwanangu umekonda, chuo hamli?" Nilipomwambia siku hizi sili ugali, alinitazama kama nimemtukana. Nyama kwetu ni siku mtu amechinja. Kilichopo ni ugali, maharage, mboga za majani, na usipa wa Ziwa Nyasa. Sikuwa na jinsi. Nikala, ila ugali kidogo, maharage na usipa vya kutosha, soda hakuna. Asubuhi dakika hamsini kwa miguu kwenda shule, jioni hamsini kurudi, na vilima vya kwetu si mchezo. Kaka ana mizani ya kupimia mahindi; siku ya kwanza nilisimama juu yake ikasema 77, baada ya wiki sita ikasema 74. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Fundi cherehani naye akaipunguza sketi yangu ya kufundishia kiunoni.

Sisemi nyama ni adui. Ilinishibisha, na njaa ya saa nne usiku iliisha kabisa. Na mwenye matatizo ya figo au anayetumia dawa za sukari asijaribu mambo haya kabla ya kumwona daktari. Ninachokataa ni kumwambia mwanafunzi wa boom kwamba dawa ya kukwama ni kununua zaidi.

Juzi mwenzangu mmoja wa rumu ile kanitumia meseji: amekwama kwenye 81, anaomba elfu tano ya kuongezea nyama. Nimemjibu elfu tano sina, ila kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa getini nimevaa raba.