Mimea ya Sebuleni na Hewa ya Kiyoyozi

Hewa ya Mombasa hujaa unyevu mwaka mzima, lakini kangaga lililowekwa sebuleni hukauka ncha za majani kana kwamba limepitishwa motoni. Aghalabu sababu ni kiyoyozi. Chombo hiki hakipoozi hewa tu. Huugeuza mvuke uliomo kuwa maji, nayo ndiyo yale yadondokayo kutoka kwenye mpira ulio nje ya dirisha.

Mwenye nyumba aonapo majani makavu, huongeza maji chunguni. Hapo mizizi hukosa hewa ikaoza, na majani yangali yakikauka. Kwanza tia kidole udongoni. Ukiwa bado na majimaji, usimwagilie. Usogeze mmea mbali na upepo wa kiyoyozi, kisha uuweke karibu na wenzake, kwani kila jani hutoa mvuke na mimea hufaidiana. Kunyunyizia majani hufaa kwa muda mfupi tu. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huunguza ncha. Heri uyakinge yale ya kiyoyozi katika ndoo yenye kifuniko, uyatumie kumwagilia.

Wako wanaoweka chungu juu ya sahani ya kokoto na maji. Faida yake ni ndogo, na hatari yake si haba. Mbu waenezao homa ya dengi na chikungunya, maradhi ambayo pwani yetu imekwisha kuyaonja, hutaga katika maji machache yaliyotulia nyumbani. Katika joto letu, mayai hayo huweza kuwa mbu warukao kwa muda wa siku saba hadi kumi. Tena mbu hawa huuma mchana, watoto wachanga wakiwa wamelala bila chandarua. Basi mwaga maji hayo kabla ya juma kwisha, usugue na sahani, kwa kuwa mayai hugandamana pembeni na hustahimili ukavu kwa miezi.

Masika yafikapo, geuza mpango: fungua madirisha na uitenganishe mimea, hewa ipite, kuvu lisiote.

Na kangaga likizidi kudhoofika, litoe uani penye kivuli. Hewa yetu yalitosha, na hakuna jani lenye thamani ya homa ya mtoto.