Mto Athi Si Maziwa

Kila nikifungua Instagram Jumatatu asubuhi nakutana na maporomoko yaleyale. Mwamba mweusi, majani ya kijani, na katikati maji meupe, laini, kama maziwa yanayomiminwa kutoka kwa sufuria. Jana ilikuwa Thomson Falls kule Nyahururu, leo ni Fourteen Falls, kesho itakuwa Chania. Ukifunika jina la mahali hutajua ni wapi, kwa sababu maji yote yamefanana. Chini yake watu wameandika "Wueh!" na "Peponi," na mioyo myekundu haihesabiki.

Nimechoka na hizi picha. Na kabla hujaniuliza mimi ni nani hata niseme hivyo: nilizipiga hizohizo kwa miaka minne, na nilizipiga vizuri.

Kwa asiyejua, siri yenyewe si kubwa. Unaweka kamera kwenye tripodi isitikisike, unashusha ISO hadi 100, unabana tundu la lenzi hadi f/11 au f/16, kisha unafunga mbele ya lenzi kioo cheusi kinachoitwa filta ya ND. Ile ya ND1000 hupitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya elfu moja. Picha ambayo ingechukua sekunde 1/50 sasa inachukua sekunde 20. Muda huo wote shata iko wazi, na kila kinachosonga kinaacha alama hafifu juu ya alama nyingine mpaka kinageuka ukungu. Kilichotulia ndicho kinachobaki. Siku hizi hata filta si lazima, simu nyingi zinakufanyia hiyo kazi ukibonyeza mara moja.

Kilichotulia ndicho kinachobaki. Ugomvi wangu wote umo humo.

Mwaka juzi nilipanda matatu hadi Thika, nikapanda nyingine ya kuelekea Kilimambogo, nikafika Fourteen Falls saa moja asubuhi. Kama umewahi kufika pale unajua kwamba kinachokupokea kwanza ni harufu. Mto Athi ukifika hapo umeshabeba Mto Nairobi, na Mto Nairobi umeshapita Gikomba, Korogocho na kando ya jaa la Dandora. Maji yanashuka yakiwa ya kijivu, na chini ya miamba povu linajikusanya mabonge kwa mabonge. Upepo ukivuma linapaa na kutua vichakani kama pamba.

Sasa nikuambie kitu ambacho sisi wapiga picha hatukisemi kwa sauti: tunalipenda hilo povu. Likizunguka kwenye kidimbwi kwa sekunde 20 linachora miduara mizuri ajabu, utadhani mtu amepitisha brashi. Uchafu ndio unaoleta urembo. Siku hiyo nilipiga picha moja, nikajua hii imeweza. Chupa za plastiki zilizokuwa zikielea zilipotea zenyewe. Tatu zilizonasa kwenye mwamba nilizifuta baadaye kwenye kompyuta. Ule ukijivu niliusukuma kidogo kuelekea buluu. Kampuni moja ya utalii ikanunua picha hiyo kwa kalenda yake, nikalipa kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Miezi michache baadaye nilirudi. Kijana mmoja wa wale wanaoruka kutoka juu ya miamba wageni wakiwapa kitu kidogo alinikumbuka. Asubuhi ile ya kwanza hakukuwa na wageni, kwa hivyo alikuwa akiokota chupa majini aende kuziuza. Nikamwonyesha picha kwa simu, kifua mbele. Akaitazama sana. Akaikuza kwa vidole viwili.

"Buda, mbona mimi sipo? Si nilikuwa hapa kwa hii jiwe?"

Nikamweleza mambo ya shata, kwamba alikuwa akisonga.

"Sawa. Na hii povu yote uliipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akawaita wenzake: "Kujeni muone! Huyu anaosha mto na kamera! Si serikali imwandike kazi!"

Wakacheka wote. Nami nilicheka, lakini safari ya kurudi Nairobi ilikuwa ndefu.

Mimi si wa kwanza kufuta watu hivi. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara yenye shughuli nyingi jijini Paris. Kamera yake ilihitaji dakika kadhaa. Farasi, mikokoteni, wapita njia, wote walipotea, barabara ikatoka tupu mchana kweupe. Aliyeonekana ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama kung'arishwa viatu, pamoja na kivuli cha yule aliyekuwa akiving'arisha. Daguerre hakuwa na namna. Hata Eadweard Muybridge hakuwa na namna alipopiga maporomoko ya Yosemite kule Marekani mwaka 1872: sahani zake za kioo zilinasa mwanga polepole, maji yakatoka kama moshi. Miaka sita baadaye, 1878, Muybridge huyohuyo alifaulu kumnasa farasi akikimbia, kwato zote nne zikiwa hewani. Watu walihangaika miaka 40 wapate kamera inayoweza kuona kinachosonga. Sisi tunayo mfukoni, halafu tunatoa pesa kununua kioo cheusi ili tusikione.

Najua utakachoniambia. Utasema hakuna kasi ya shata inayosema ukweli, kwamba sekunde 1/2000 nayo huyagandisha maji yakawa vipande vya kioo ambavyo hakuna jicho limewahi kuviona. Nakubali. Utasema sanaa si ripoti ya NEMA. Nakubali pia, na ripoti zisizosomwa tunazo za kutosha. Utasema watu wamechoka, wanataka kitu cha kutuliza roho, na maji laini yanatuliza. Hilo ndilo naliheshimu zaidi, kwa sababu hata mimi yamewahi kunituliza.

Lakini tuulizane ni nani anayetulizwa. Ni mimi na wewe, tumekwama kwenye foleni Waiyaki Way, simu mkononi. Na povu lile ni letu. Ni sabuni ya nguo zetu, ni maji ya choo cha ploti ambayo mwenyewe hakuiunganisha na mfereji wa maji taka. Linatoka kwetu, linawashukia watu wa chini wanaonyweshea mifugo humo na kumwagilia mboga, halafu linaturudia kwenye simu likiwa maziwa, nasi tunaandika "Peponi." Mto wenyewe haukomei pale. Unaenda ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Njia hiyo nzima kuna watu wanaoijua rangi ya maji yao bila kuuliza mpiga picha.

Hata penye maji yasiyonuka, ukungu huu unatunyima kitu. Thomson Falls inaanguka mita 74. Ukisimama chini yake rasharasha zinakulowesha shati na lazima umpigie mwenzako kelele ndipo akusikie. Maji yanapiga. Kwenye picha zetu yananing'inia tu kama pazia sebuleni.

Siombi mtu atupe filta yake. Yangu ninayo bado. Ninaomba tuache kuitumia bila kufikiri, kama chumvi ya hoteli. Jaribu sekunde 1/15: maji yanaonyesha yanaelekea wapi na yana nguvu kiasi gani, na mtu aliyesimama ndani yake bado anatambulika na mamake. Chupa ikinasa kwenye mwamba, iache. Na kama umeamua sekunde 20 ndizo zinazofaa, basi andika chini ya picha maji hayo yametoka wapi na lile jeupe ni nini. Atakayesema umemharibia mandhari, mwambie mandhari imeharibika kabla hujafika.

Mara ya mwisho nilipoenda nilimpiga yule kijana picha kwa hiyo 1/15. Amesimama kwenye jiwe lilelile, gunia la chupa begani, povu likimfika magotini. Aliniomba nimtumie, na mpaka leo ndiyo picha yake ya WhatsApp. Mimi niliiweka Instagram. Ilipata mioyo 31. Mtu mmoja aliandika: "Hapa ni wapi jameni, mbona pachafu hivi?"

Nikamjibu ni palepale pa kalenda.