Mtandao Unasingiziwa

Faili la video lina megabaiti 400. Limeshuka mpaka 380, mara limeganda, na ujumbe umetokea: "Imeshindikana. Jaribu tena." Ukibonyeza, hesabu inaanza sifuri. Bando limekwenda na video huna. Waulize walio karibu nawe sababu, wote watakujibu jibu moja: mtandao mbovu. Mwenye simu analiamini jibu hilo, na fundi wa simu analirudia. Kampuni iliyotengeneza programu yenyewe inalipenda kuliko wote, kwani linaifutia hatia kabla haijaulizwa swali.

Jibu hilo si kweli. Mtandao kukatika ni jambo la kawaida, hutokea Mtwara na hutokea London. Lakini kazi kuanza upya wakati megabaiti 380 zimeshafika salama ndani ya simu yako, hilo halikufanywa na mnara wala na mkongo wa baharini. Limefanywa na mtu aliyeandika programu na hakujali.

Intaneti haikujengwa kwa matumaini kwamba njia itakuwa shwari siku zote. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha mwaka 1974 msingi wa itifaki tunayoiita TCP, walichukulia tangu mwanzo kwamba vipande vya data vitapotea njiani, wakaweka utaratibu wa kuvituma tena. Mwongozo wa mwaka 1985 wa FTP, itifaki ya kuhamisha mafaili, una amri ya kuendeleza uhamishaji uliokatika. Toleo la HTTP, itifaki ya wavuti, lililotolewa mwaka 1997 linairuhusu simu kuiambia seva: hizi ninazo, nipe kuanzia hapa. Seva ikikubali, hujibu kwa namba 206 na kuleta kilichobaki tu. Programu ya bure ya Wget, iliyoanzishwa na Hrvoje Nikšić katikati ya miaka ya 1990, inaweza kuendeleza faili lililokatika kwa amri fupi mno. Basi mtu anayeuza leo programu isiyojua kuendelea ilipoishia asituambie habari za minara.

Tena mara nyingi kinachokata muunganisho si udhaifu wa mawimbi. Unatoka nyumbani, simu inaacha Wi-Fi na kuhamia data ya laini. Anwani yake inabadilika, na muunganisho uliofungwa kwenye anwani ya zamani unakufa. Kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mitambo yake huusahau muunganisho uliokaa kimya. Android huzima programu zilizo nyuma ya skrini ili kuokoa betri. Kiungo cha faili nacho huwa kimepangiwa muda, ukipita seva inakataa. Katika hali zote hizo alama ya mawimbi inaweza kuwa imejaa pomoni. Hakuna hata moja iliyo siri kwa mwandishi wa programu anayeijua kazi yake, na kila moja ina dawa. Kwa lile la anwani, itifaki ya QUIC, iliyokamilishwa rasmi mwaka 2021, inaupa muunganisho utambulisho wake wenyewe ili uweze kuendelea hata anwani ikibadilika.

Mwenye shaka aangalie kilichotokea California Oktoba 1986. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, masafa yasiyofika mita 400, kasi ya data iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini! Ingekuwa rahisi kulaumu waya. Van Jacobson, akishirikiana na Michael Karels, alichunguza na kuona kwamba tatizo lilikuwa tabia ya programu za TCP zenyewe: njia ikijaa, kompyuta zilizidi kumimina data na kurudia zilizokwisha kutumwa, mpaka karibu kila kitu kikasimama. Dawa waliyoieleza mwaka 1988 ilikuwa kuifundisha programu kuanza polepole, kusoma hali ya njia na kupunguza mwendo inapozidiwa. Waya haukuwa na kosa. Na leo bado kuna programu ambazo, zikikatika, huigongagonga seva papo kwa papo bila kupumzika, kana kwamba somo hilo halijawahi kutolewa.

Sikatai kwamba miundombinu huharibika. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na sisi wa Afrika Mashariki tuliumia. Siku kama hiyo programu nzuri hutunza kilichokwisha kufika, hukuambia wazi kwamba inasubiri, kisha huendelea njia ikifunguka. Ile mbovu hufuta na kukutaka ulipie tena.

Uzembe huu unatokana na mahali programu zinapojaribiwa: ofisini, kwenye intaneti ya faiba, kwa simu mpya. Facebook waliliona tatizo hilo, na mwaka 2015 wakaanza kuwapa wafanyakazi wao nafasi ya kutumia kasi ya 2G kwa saa moja kila Jumanne, waonje wanachokionja wateja wa mbali. Kinachoniuma ni kwamba mtengenezaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuigiza. Akipanda basi la kwenda mkoani ataona yote njiani. Anajua kwamba mteja wake hununua data kwa bando la siku, na bado anamletea programu iliyoandikwa kwa ajili ya mtu asiyehesabu megabaiti.

Vyuo vinavyonunua mifumo ya masomo kwa njia ya mtandao, na taasisi za umma zinazolipia programu kwa kodi zetu, ziweke jaribio hili ndani ya mkataba: anza kupakua faili kubwa, zima data katikati, subiri dakika kumi, washa. Programu ikianza sifuri, kazi isipokelewe na malipo yasitoke.